Shukrani Kabla ya Dripu ya Nne

Nywele zimerudi. Zimerudi na mvi ambazo sikuziagiza, na kwa mbele zimegoma kabisa, lakini zimerudi, na kinyozi wangu wa Visiga ananidai ushuru wa miezi yote niliyomkimbia. Naandika sasa kwa sababu nikichelewa nitaanza kujifanya shujaa. Mtu akishapata nafuu huwa mwongo kuhusu alivyougua.

Namwandikia yule aliyeambiwa juzi, ambaye leo sebule yake imejaa wageni wenye machungwa na sauti za chini. Sitakueleza ugonjwa wenyewe. Daktari alinieleza mara mbili, akanichorea na picha, na mimi mwenye shahada, ninayejipatia riziki kwa kuandika makala za kuwafafanulia wengine mambo, nilitoka pale nimeshika jambo moja tu: ni saratani ya tezi, na inatibiwa kwa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Sita. Ishike namba hiyo, maana kisa changu chote ni cha mtu mzima aliyetaka kuifanya iwe tatu.

Ilianza na kivimbe shingoni, chini ya sikio la kushoto, wakati korosho zinaanza kuanguka. Aliyekiona ni mke wangu, Mama Upendo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kuona vitu ambavyo watu wanavificha ndiyo kazi yake. Mimi nilikiita jino. Nilikiita jino kwa wiki sita, mpaka kola ya shati ikakataa kufungwa na shuka likawa linaloa jasho hata siku ya upepo. Hapa Kibaha walikata kipande cha kivimbe, wakakipeleka kupimwa, na majibu yaliporudi wakaniandikia rufaa ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam.

"Jino," alisema Mama Upendo, ameishika ile barua ya rufaa. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake.

Pale kwenye benchi la kusubiri ndipo nilipoanza shule upya. Unajifunza kuja na mto mdogo, kwa sababu benchi la chuma na mtu aliyeisha makalio haviivani. Unajifunza kwamba hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini. Swali ni moja: "Wewe ya ngapi?" Na mtu wa dripu ya kwanza hajifichi, kwa sababu amependeza. Mimi nilikuwa nimechomekea na kufunga tai, kana kwamba ugonjwa ungeniona ukaahirisha kikao. Mama mmoja wa Rufiji, aliyekuwa kwenye ya tano, alinipandisha kwa macho kuanzia viatu mpaka tai.

"Baba, ukija tena vaa shati la mikono mifupi," alisema. "Tena lile usilolipenda."

Alikuwa sahihi. Shati nililovaa siku ile sijalivaa tena, kwa sababu nikiliona tu natafuta ndoo ya kutapikia.

Dripu ya kwanza iliingia na mvua za vuli. Dawa yenyewe ni nyekundu kama sharubati ya harusi, na ukienda haja ndogo inatoka na wekundu wake, kwa hiyo nikuambie mapema kwamba hujafa, ni rangi tu. Mimi sikuambiwa, au niliambiwa nikiwa natazama tai yangu. Siku tatu baadaye kila chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Mdomo ukatoka vidonda, nikawa naishi kwa barafu za ukwaju ambazo jirani alikuwa akiwauzia watoto wa shule. Nilipanga foleni na watoto wa darasa la pili, na walinipisha mbele, jambo ambalo hata wazee wenzangu benki hawajawahi kunifanyia. Dripu ya pili iliondoka na nywele. Zilibaki kwenye mto wa kulalia asubuhi moja, zote kwa pamoja, kama zilikubaliana. Kucha zikawa nyeusi kama za fundi gereji.

Nyumbani tuligombana kuhusu uji. Mama Upendo aliupika, mimi sikuweza kuumeza, yeye akauficha kwenye thermos na kuuleta tena, mimi nikamwambia mimi si mwanafunzi wake. Aliondoka akaenda kufundisha vipindi saba, akarudi, akaosha ndoo yangu. Hakuwa akilia mbele yangu wala hakuwa akicheka. Nilidhani hiyo ndiyo nguvu.

Kuhusu imani, sina budi kusema nilipokuwa. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, mtoto wa usharika wa Kisarawe. Maisha yangu yote nimesema "tukijaliwa". Tutaonana Jumapili, tukijaliwa. Mahindi tutapanda mwezi wa tatu, tukijaliwa. Nililitumia neno lile kama watu wanavyotumia nukta, kuonyesha kwamba nimemaliza kusema. Kwenye benchi la chuma niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kulifikiria. Nilikuwa na uhakika wa Jumapili na uhakika wa mahindi, na Mungu nilikuwa namtaja kwa heshima, kama mgeni rasmi ambaye hatarajiwi kubadilisha ratiba.

Dripu ya tatu niliipata katikati ya Desemba. Wiki ya Krismasi dada yangu Tabitha alikuja Visiga kutoka Kisarawe. Dada Tabitha ananizidi miaka kumi na miwili, ni mzee wa kanisa kule nyumbani, na ndiye aliyenilea mama alipoanza kuugua. Alinikalisha kwenye kigoda, akanipapasa shingo kwa vidole vyote kama mtu anayechagua papai.

"Hakuna kitu," alisema.

"Daktari anasema kimesinyaa. Bado kuna..."

"Yakobo. Shingo nimeishika mimi. Hakuna kitu."

Ni kweli, kilikuwa hakipo. Kola ilikuwa inafungwa. Alipiga magoti palepale akaomba, na mimi niliitikia amina kwa moyo wote, na amina ile siijutii hata leo. Kilichofuata ndicho ninachokijutia.

Kwetu shukrani haifanywi kimyakimya. Ukoo mzima unasimama mbele ya madhabahu umevaa kitenge cha sare, aliyetendewa anatoa ushuhuda, kwaya inapokea, kisha watu wanakula. Kufikia mwaka mpya Dada Tabitha alikuwa ameshachukua nafasi kwenye ratiba ya ibada, Jumapili ya pili ya Januari, na kitenge kilikuwa kimeshakatwa kabla sijaulizwa. Tatizo lilikuwa moja. Dripu ya nne ilikuwa imepangwa Jumanne ya wiki ileile.

"Utasimamaje mbele ya watu useme umepona, huku umeshika ndoo?" aliniuliza kwenye simu. "Isogeze. Wiki moja tu."

Siku mbili baadaye alipiga tena, na wiki moja ilikuwa imekua.

"Mdogo wangu, nimeliombea hili. Ukirudi kule unamwambia Mungu kazi yake hajaimaliza. Kwa nini urudi?"

Ningeweza kumtwisha yeye lawama, na ingependeza zaidi kwenye maandishi. Lakini nilikubali kwa sababu nilitaka kukubali. Mwili wangu ulikuwa ukiikimbia ile dawa nyekundu bila hoja yoyote. Dada alinipatia hoja, tena ya kiroho. Mtu wa kusoma ukimpa hoja ya kufanya anachotaka, atakushukuru kwa kuifafanua. Nilimfafanulia Mama Upendo kuhusu imani iliyokamilika. Alikuwa anasahihisha madaftari.

"Ni mwili wako," alisema.

Nyumbani kwetu sentensi hiyo ni tangazo la vita. Jumanne ikafika. Nilikaa barazani nikanywa chai, na chai ilikuwa na ladha ya chai, nikajiona mwerevu.

Jumamosi akaja Masanja. Ni Msukuma mfugaji anayeishi Dutumi. Tulijuana mtaa wa Kwa Mathias, hapa Kibaha, alipokuwa akileta maziwa kwa pikipiki, na tangu siku aliyosikia mimi ni Mzaramo hajaniita jina langu. Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mtani ana ruhusa ya kusema msibani yale ambayo ndugu wa damu akiyasema atafukuzwa, na Masanja anaitumia ruhusa hiyo hata pasipo msiba. Alikuta masufuria makubwa yamepangwa barazani na Mama Upendo anakunja vitenge.

"Hodi. Mzaramo amefariki saa ngapi?"

"Karibu, Masanja. Hajafa," alisema Mama Upendo. "Kesho tunakwenda Kisarawe, anashukuru."

"Anashukuru nini?"

"Kupona."

Masanja alinitazama kwa makini, kama ng'ombe wa mnadani.

"Huyu? Shingo ya kuku aliyenyonyolewa, halafu amepona. Mtani, umetundikiwa dripu ngapi?"

"Tatu."

"Walisema ngapi?"

Nikaanza kumweleza. Nilisema vizuri, nakumbuka, na nilitumia neno "muktadha". Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza maji aliyopewa.

"Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, hayo siyajui. Najua ng'ombe. Ng'ombe anaugua, mtaalamu anakwambia mchome sindano siku tano. Siku ya pili anasimama, anakula majani. Mwenye ng'ombe akiwa mjinga anasema basi, huyu mzima, dawa iliyobaki nitamwekea mwingine. Siku ya nane tunachuna ngozi."

"Kwa hiyo mimi ni ng'ombe."

"Ng'ombe hana kosa, hajui kuhesabu mpaka sita. Wewe ulisomeshwa." Akaweka glasi chini. "Lakini usijali, mimi sina haraka. Siku yako nitakuja mapema. Nitavaa hiyo miwani yako, nitashuka kaburini nikae kwenye mkeka, niwahutubie: ndugu waombolezaji, kwa muktadha wa marehemu. Na sitoki humo mpaka wajomba zako wanipe kuku wawili."

Mama Upendo akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua za vuli. Alicheka mpaka akaketi sakafuni juu ya vile vitenge, na akiwa pale kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na mabega yakaendelea kutikisika. Masanja akageukia bandani kwa kuku, akawa anawatazama kama mtu anayechagua wawili wake mapema.

"Jumanne nilifundisha vipindi vyote," alisema mke wangu, bila kuniangalia. "Na kila kipindi nilikuwa nasema, sasa hivi angekuwa amekaa kwenye kiti chake, ile dawa inashuka. Mimi nimemzika baba yangu kwa malaria, nikakubali. Wewe sitakubali. Sitaki kuzika mtu aliyekufa kwa kuona haya kumwambia dada yake hapana."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Kisarawe, nimevaa shati la kitenge cha ukoo na sijui nitakachosema. Masanja alikuja pia. Alisema anataka kuona Walutheri wanavyopika.

Kanisa lilijaa. Tulisimama mbele, watu kama thelathini wa rangi moja. Dada Tabitha alishika kipaza sauti akaeleza ndugu yake alivyofika mlangoni pa kaburi, na alivyompapasa shingo kwa mikono yake, na kilichokuwapo hakipo. Watu walishangilia. Akinamama wakapiga vigelegele. Akanipa kipaza sauti, akanong'ona, "Fupi tu."

"Bwana Yesu asifiwe," nilisema.

"Amina."

"Uvimbe umeondoka. Hilo ni kweli, na ninamshukuru Mungu. Lakini mimi sijapona. Niliambiwa dripu sita, nimepata tatu. Ya nne ilikuwa Jumanne, nikaikimbia, ili niwe na afya ya kuja kuwaambia kwamba nimepona."

Masanja, benchi la nyuma, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mwalimu wa kwaya, mtu mwema, aliona familia inazama akafanya kile wanachofanya walimu wa kwaya: akaanzisha pambio. Kwaya ikapokea, vinanda vikaingia, watu wakaanza kupiga makofi kwa faraja. Nilisimama palepale na kipaza sauti changu. Nilisubiri. Pambio lina beti nne na walirudia wa mwisho mara mbili. Walipomaliza nilikuwa bado nimesimama.

"Naendelea," nilisema. "Sijui kama nitafika Krismasi. Na ninyi hamjui kama mtafika, ila ninyi hamjaandikiwa kwenye karatasi. Namwamini Mungu nisipojua. Nilikuwa nimetaka kujua kwanza ndipo niamini, nikaita hiyo imani. Basi. Kesho nakwenda hospitali kuomba radhi. Anayetaka kuniombea aniombee nimeze, nitapike, nirudi tena. Na asinitoe kwenye orodha ya wagonjwa wanaoombewa."

Nikampa mchungaji kipaza sauti. Akasema tuombe, na akaomba alivyoombwa, neno kwa neno, pamoja na kutapika.

Chakula kililiwa, lakini kwa adabu ya msibani. Dada Tabitha nilimkuta nyuma ya nyumba ya mchungaji, anapanga sahani zilizokuwa zimeshapangwa.

"Umenivua nguo mbele ya usharika," alisema.

"Nisamehe, dada."

"Unakumbuka mama alivyokufa? Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Walikuja watu wa maombi, wakakaa siku tatu. Hakupona. Mmoja wao aliniambia pale mlangoni, mimi niliyekuwa namuuguza, kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwenye shaka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Na ni kweli nilikuwa na shaka, Yakobo. Nilikuwa nimeshamfulia gauni la kuzikia."

Nilimpa sahani nyingine aipange.

"Safari hii nilitaka nisiwe na shaka hata ya punje," alisema. "Ndiyo maana nilikununulia kitenge mapema."

Nilimshika mkono. Ulikuwa na mafuta ya pilau. Alikaa nao hivyo kidogo, kisha akautoa, maana sahani zilikuwa zinamsubiri.

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la chuma saa kumi na mbili asubuhi. Daktari wangu ni binti wa umri wa mwanangu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Jumanne ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Nilikuwa na maandalizi ya shukrani."

"Shukrani ya nini?"

"Ya kupona."

Aliandika kitu kwenye faili, tena kirefu. Hajawahi kunigombeza mtu kwa unyenyekevu kama ule, na sitaki arudie. Alisema siku sita si mwisho wa dunia, lakini ningezizoea zingekuwa mwisho wangu. Nikatundikiwa.

Ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote, katika joto la Januari ambalo Kibaha hata mabati yanalalamika. Ya tano, mwezi wa pili, nilifika nikamkuta Dada Tabitha ameshakaa kwenye benchi. Alikuwa ametoka Kisarawe alfajiri, na kikapu chenye tangawizi na mto mdogo wa kukalia ambao Mama Upendo alikuwa amemwagiza. Hakusali kwa sauti. Mgonjwa mpya alikuja akakaa pembeni yake, kijana aliyepiga pasi mpaka soksi, na nikamsikia dada yangu anamuuliza, kwa upole wa mwenyeji, "Baba, wewe ya ngapi?"

Ya sita ilikutana na mvua za kwanza za masika. Wiki kadhaa baadaye wakanipitisha kwenye mashine, na daktari akatuita ndani sote watatu, mimi, mke wangu na dada.

"Hatuoni kitu," alisema.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Hatuoni kitu, mzee wangu. Utarudi baada ya miezi mitatu tuangalie tena."

Nakuambia wewe uliye kwenye ya kwanza: hilo ndilo neno utakalopewa, ukipewa zuri. Halitoshi. Nimelilalia na kuliamkia nikaona halitoshi, na nimekataa kuongezewa na mtu yeyote. Atakayekuja kwako na hakika, mkaribishe chai, mwitikie amina, kisha nenda kliniki. Wakisema sita, nenda sita. Siku utakayokuwa huna imani, nenda bila imani. Kiti cha dripu hakina fomu yenye sehemu ya kujaza imani. Mungu wangu mimi nilimkuta kule kwenye foleni zaidi ya nilivyomkuta kwenye kitenge cha sare, ingawa kitenge bado ninacho na kinanipendeza.

Tulipotoka nje, Dada Tabitha alisimama kwenye ngazi, anafunga kanga vizuri.

"Jumapili nasoma matangazo mimi," alisema. "Niwaambie nini?"

"Waambie ulichosikia."

Nilikwenda Kisarawe Jumapili hiyo nikakaa katikati ya watu. Alivaa miwani, akafungua karatasi yake.

"Mdogo wangu Yakobo amepimwa," alisoma. "Hawajaona kitu. Ana tarehe ya kurudi mwezi wa saba. Watakachomwambia siku hiyo hakijui, na sisi hatukijui. Anabaki kwenye orodha." Akaitazama kwaya, kana kwamba anasubiri imwokoe, na kwaya haikuimba. Kisha akageuza karatasi. "Tangazo la pili. Jumamosi ni usafi wa kanisa, saa mbili kamili asubuhi, kila mtu aje na fagio lake."

Jumamosi nilipanda gari Visiga kabla jua halijatoka, na fagio langu la chelewa nimelifunga kwa mpira, na saa mbili kasoro tano nilikuwa wa kwanza mlangoni.